Mkono unapokwenda mbio kwenye mfuko wa hewa

SWALI: Mimi ni mhudumu wa ambulansi, barabara kuu ya Nakuru–Eldoret, upande wa Salgaa. Darasani kila kitu nakijua. Lakini nikimkuta majeruhi hapumui, umati umetuzunguka na watu wanapiga kelele, mkono huanza kufinya mfuko wa hewa, ule wa kumpulizia mgonjwa pumzi kupitia barakoa ya mdomoni na puani, upesi upesi, na mara mgonjwa anatapika. Nifanyeje? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Kutapika huko mara nyingi huletwa na mkono huohuo. Mfuko wa mtu mzima hubeba takriban lita 1.5, ilhali mapafu yanahitaji mililita 500 hadi 600 tu kwa pumzi moja. Ukiufinya wote kwa nguvu, hewa hujaa tumboni, tumbo hufura na kubana mapafu, kisha chakula hupanda na kuingia njia ya hewa. Mgonjwa ambaye moyo wake bado unapiga apewe pumzi moja kila sekunde 6. Finya kwa sekunde 1, ukome kifua kikianza kuinuka.

Hofu huharakisha mkono bila wewe kujua. Masikio huziba, macho hayaoni ila barakoa. Kujiambia "tulia" hakutoshi. Upe mwili kazi. Mkiwa njiani, vuta pumzi kwa hesabu ya 4, izuie 4, itoe 4, ngoja 4. Rudia mara tatu. Ukishaanza kufinya, hesabu kwa sauti: "Finya, moja, mbili, tatu, nne, tano, finya." Mwenzako akusikie, akurekebishe ukikimbia.

Tena mwenzako huyo mtumie kweli. Kushika barakoa kwa mkono mmoja na kufinya kwa mwingine huwashinda hata wazoefu: hewa huvuja shavuni, nawe unazidisha nguvu ukidhani ndiyo dawa. Mmoja aishike kwa mikono miwili, alete taya kwenye barakoa badala ya kuikandamiza barakoa usoni. Kwa majeruhi wa ajali usilaze kichwa nyuma. Sukuma pembe za taya mbele. Kifua kisipoinuka, rekebisha taya kwanza, kisha tazama mdomoni ufyonze damu, kila mara isizidi sekunde 15.

Mnapongojea simu, shika mfuko na upitie hatua zote akilini, hasa zile zinazoharibika: barakoa inavuja, mrija wa kufyonzea umeziba, mgonjwa ana ndevu nyingi. Ndevu zipake jeli ya kulainishia, barakoa itashika.