Sanduku la mboji la mbao: shughulika zaidi na upande wa mbele

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama mbao zitaoza kabla hujafaidi kazi yako, na kama uzibe pande zote ili harufu isitoke. Nimetengeneza masanduku ya aina hii na bado ninayatumia bustanini, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyaona.

La harufu ni fupi. Usizibe. Mboji inayonuka imekosa hewa au imelowa kupita kiasi, na kuziba kunazidisha yote mawili. Acha upenyo wa sentimita 2 hivi kati ya ubao na ubao. Hewa itapita na majani hayatamwagika.

Ukubwa, lenga mita 1 kila upande na kimo mita 1. Lundo dogo kuliko hapo hupoa upesi. La ukubwa huo, likiwa na mchanganyiko mzuri wa majani makavu na mabichi, hufika nyuzi joto 55 hadi 65 katikati, na joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu.

Sasa upande wa mbele, na hapa naomba usiharakishe. Mboji lazima igeuzwe, na anayegeuza anahitaji kusimama mbele ya lundo na kuingiza uma wa bustani usawa wa ardhi. Sanduku lililopigiliwa pande zote nne linakulazimisha kunyanyua uchafu mzito wenye maji hadi juu ya ukuta wa mita nzima. Utafanya hivyo mara ya kwanza kwa ari, baadaye utaanza kuahirisha, na lundo litapoa. Mlango wa bawaba nao siupendi: ubao ukilowa unavimba, mlango unakwama, na ukifunguka vyote vinakumwagikia miguuni.

Fanya hivi. Kwenye kila nguzo ya mbele, kwa upande wa ndani, funga vipande viwili vyembamba vya mbao vilivyosimama wima ili vitengeneze mfereji. Mbao za mbele zinateremshwa humo kutoka juu, moja baada ya nyingine, bila msumari hata mmoja. Kama ubao una unene wa sentimita 2, mfereji uwe na upana wa sentimita 2.5 au 3, kwa sababu ya kule kuvimba. Kwenye ukingo wa chini wa kila ubao pigilia vijiti viwili vya kuushikilia upenyo. Unaanza na mbao mbili tatu, unaongeza kadiri lundo linavyopanda, na siku ya kugeuza unazichomoa zote.

Kuhusu kuoza: ndiyo, zitaoza. Kuvu wanaokula majani yako wanakula pia ubao uliogusana nayo. Kwa hiyo jenga ukijua utabadilisha ubao mmoja mmoja. Tumia skrubu zisizoshika kutu badala ya misumari, na nguzo usizifukie. Ziweke juu ya mawe bapa au matofali, kwani nguzo iliyofukiwa huoza kwanza pale usawa wa ardhi. Mtiki au seda (mwerezi) hudumu kuliko mbao laini za kawaida.

Tafadhali usipake oili chafu ya injini, hata ukishauriwa na fundi. Ina metali nzito, na mvua itaishusha kwenye mboji unayokwenda kulishia mboga. Vivyo hivyo epuka mbao kuukuu zilizowekwa dawa ya kromu, shaba na aseniki, zile zenye rangi ya kijani kijani. Kama unatumia paleti, yale majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo, tafuta muhuri. HT maana yake mbao zilipashwa joto hadi nyuzi 56 kwa dakika 30, hizo chukua. MB zilifukizwa kwa methili bromidi, gesi ya sumu ya kuua wadudu, ziache.

Chini acha udongo mtupu ili maji yatoke na minyoo ipande. Panya wakisumbua, tandika wavu imara wa chuma wenye matundu yasiyozidi sentimita 1. Waya wa kuku hautoshi, wanautafuna.

Hesabu ya vifaa: mbao za upana wa sentimita 10, nane kila upande, zinakupa kimo cha sentimita 94. Sanduku moja linakula vipande 32 vya mita 1 na nguzo 4. Lakini kama mbao zinapatikana, jenga mawili yanayoshiriki ukuta wa kati: vipande 56 na nguzo 6. Ukiwa na mawili, kugeuza ni kuhamisha tu kutoka hili kwenda lile, na lililobaki tupu linapokea uchafu mpya wakati la pili linaiva.

Ukishapata mbao, pima unene wake kabla ya kukata vile vipande vya mfereji. Ukikwama hapo niandikie vipimo vyako, tutakokotoa upana wa mfereji pamoja.