Kihispania Tukifundishe kwa Kiswahili

Nahodha mmoja wa hapa Lamu, mtu mzima ninayemwita ami, alipoteza kazi ya siku nzima kwa sababu yangu. Alikuwa amekubaliana na familia ya Wahispania awapeleke kuona magofu ya Takwa, kisiwani Manda. Kule lazima uwahi maji, maana mkono wa bahari unaopita kwenye mikoko ukipwa, mashua haifiki. Akawaambia waje "a las dos". Yeye moyoni mwake ni saa mbili asubuhi, maji yanajaa. Wao wakaelewa saa nane mchana. Alikaa gatini mpaka jua la utosi, na walipotokea na kofia zao, maji yamekupwa.

Jioni akaniambia barazani, "Mwalimu, namba umenifunza. Saa hukunifunza."

Alisema kweli. Namba nilimfunza kama zilivyo kitabuni, na kitabu chenyewe kimeandikwa kwa Kiingereza, kwa mtu ambaye saa zake zinaanza kuhesabiwa usiku wa manane na adhuhuri. Zetu zinaanza jua linapochomoza na linapotua. Tangu siku ile nimeacha kumpitisha mwanafunzi wa Lamu kwenye Kiingereza ili afike Kihispania, na nawaomba walimu wenzangu wa pwani wajaribu vivyo hivyo.

Anza na kusoma. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, na hutamkwa karibu sawa na zetu. Mwanafunzi aliyezoea Kiingereza husita mbele ya neno "mesa". Mwambie alisome kama Kiswahili, atalisoma sawa, na atagundua ni meza ileile tuliyoachiwa na Wareno, ambao lugha yao ni ndugu wa Kihispania. Herufi j hutoka kooni kama kh ya kheri. Ile z ya Uhispania, kwa wengi wao, ni th ya thelathini. Mtoto aliyepita chuoni, kwenye Kurani, hasumbuki na sauti hizi.

Halafu vitenzi. Wanafunzi wangu walikuwa wakisema "yo quiero, yo tengo, yo voy", yo kila mahali, kwa kuwa Kiingereza hakiwezi kuacha "mimi" nje. Kihispania kinaweza, kama sisi. "Hablo, hablas, hablamos" ni nasema, wasema, twasema. Alama ya msemaji kwetu iko kichwani, kwao iko mkiani.

Kilichonifurahisha zaidi ni "ser" na "estar", vitenzi viwili vya "kuwa". Vitabu hutumia kurasa nyingi hapo kwa sababu Kiingereza kina kitenzi kimoja kwa kazi zote mbili. "Es alto": ni mrefu. "Está en la playa": yuko ufukweni. "Está cansado": amechoka. "La sopa está fría": supu imepoa. Msichana mmoja anayefanya kazi mapokezi katika nyumba ya wageni Shela aliutazama ubao kitambo, kisha akasema, "Basi ser ni 'ni', na estar ni 'yuko' na 'me'." Nikampa chaki aandike mwenyewe. Haifuniki kila kitu: harusi ikiwa Shela utasema "la boda es en Shela", si "está". Lakini miaka yangu yote ya kueleza kwa Kiingereza sikuwahi kupata darasa lililoelewa haraka vile.

Maneno ya Kiarabu nayo yametutangulia. Waislamu walitawala sehemu za Uhispania tangu 711 mpaka Granada ilipoanguka 1492, na lugha ikabaki nayo. "Azúcar" ni sukari. "Fulano" ni fulani. "Hasta" ni hata, ile ya "hata lini". "Alcalde", yaani meya, ametokana na kadhi. Ila wanafunzi wasikimbilie: "mezquino" ni ndugu wa maskini, lakini leo maana yake ni bahili, mtu wa roho ndogo.

Sasa adabu. Wahispania wengi wakitambulishwa, hasa mwanamke na mwenziwe au mwanamke na mwanamume, hugusana mashavu mara mbili. Yule msichana wa mapokezi aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, na mimi wakinijia?" Kitabu hakina jibu lake. Tulifanya mazoezi: unasimama hatua moja nyuma, unaweka mkono kifuani, unasema "encantada", yaani nimefurahi kukujua, kwa tabasamu kabla mgeni hajasogea. Ni Kihispania kamili, na heshima yake iko palepale. Wanaume nao niliwaambia wasikasirike kijana wa miaka ishirini akiwaita "tú", yaani wewe ya kawaida. Kule si utovu wa adabu. Wao waanze na "usted", wewe ya heshima, kwa wazee, wataona uso wa mzee unavyofunguka.

Neno moja limenishinda: pole. Mgeni akipanda ngazi na mzigo, darasa langu lilikuwa likisema "lo siento", yaani samahani, naye anashangaa, wamemkosea nini? "Ánimo" ni kumtia moyo tu, haibebi huruma yote. Nimewaambia waseme pole, kisha wamweleze mgeni maana yake, kwa Kihispania. Ami ndiye aliyefanya vizuri kuliko wote.