Fika kabla injini haijawashwa

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeonyeshwa Toyota IST ya mwaka 2004, namba D, imetembea kilomita 78,000. Dalali ananihimiza nilipe kesho, anasema kuna mteja mwingine anaitaka. Niangalie nini? – Mwalimu, Kibaha

JIBU: Marahaba mwanangu. Kesho usilipe. Mwambie dalali utafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na gari lisiwashwe kabla yako. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta joto, ondoka, mpange siku nyingine.

Nasisitiza hili kwa sababu liliniumiza. Mwaka 2015 nilimkagulia kaka yangu Corolla iliyokuwa tayari inaunguruma, tena kwa utulivu. Wiki ya tatu tukashusha injini. Alikuwa ameuza shamba kuinunua.

IST haina mkanda wa taimingi (unaopatanisha mwendo wa sehemu za ndani ya injini), ina cheni. Ikilegea, utaisikia ikikwaruza sekunde za mwanzo tu. Oili ikishapanda, inanyamaza. Moshi wa bluu nao mara nyingi hutoka pale inapowashwa ya baridi. Kabla ya hapo fungua kifuniko cha oili: ukiona utando kama maziwa, huenda maji yanaingia kwenye oili.

Kilomita 78,000 kwa gari la zaidi ya miaka 20 hazifiki hata 4,000 kwa mwaka. Mimi siziamini mpaka nione raba ya pedali ya breki na usukani. Raba ikiwa imelika mpaka chuma, ujue kilomita za dashibodi zimerudishwa nyuma.

Vuta mikanda ya viti mpaka mwisho. Ukikuta tope limeganda kule ndani, gari limelala kwenye mafuriko. Hata liwe zuri vipi, liache, maana nyaya zitakusumbua miaka yote.

Halafu kadi ya gari. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bodi ilingane na ya kadi herufi kwa herufi. Ikianza na NCP60 ni injini ya lita 1.3, NCP61 ni ya 1.5, kwa hiyo hapo utajua pia kama dalali amekudanganya. Namba ya gari ingiza kwenye mfumo wa polisi mtandaoni uone faini za trafiki. Ukipewa fotokopi ya kadi, uliza halisi iko wapi. Huenda iko benki kwa mkopo. Pesa umkabidhi mwenye jina lililo kwenye kadi, mbele ya wakili, dalali akiwa pembeni.