Shemeji, huku nako kibali kinasubiriwa

Shemeji, umeniuliza kwa uchungu. Kibali cha nyumba yako ya Kigamboni kinazunguka manispaa tangu kabla ya Ramadhani, na kuna mtu kakuambia Uingereza ukipeleka ramani asubuhi, jioni unamwaga zege. Mimi nashinda saiti huku, kwa hiyo nikujibu bila kukupamba.

Huyo aliyekuambia huenda aliona jambo dogo. Nyumba iliyoungana na ya jirani unaweza kuivuta kwa nyuma mita 3, chini tu bila ghorofa, na ukifuata masharti huombi kibali cha mipango miji. Zaidi ya hapo unakaa foleni kama wewe.

Kisheria halmashauri ina wiki 8 kumjibu mwenye nyumba, na wiki 13 kwa mradi mkubwa. Lakini hesabu haianzi siku uliyopeleka maombi, inaanza makaratasi yakishatimia. Kikikosekana kipimo kimoja kwenye ramani, unarudishiwa. Wiki zikikaribia kuisha, afisa anaweza kukuandikia mkubaliane kuongeza muda, na wengi wanakubali wakiogopa kunyimwa. Na hicho ni kibali cha mipango miji tu. Uimara wa jengo, moto na mifereji vina idhini yake nyingine.

Majirani nao wanapewa siku 21 za kutoa maoni. Mtu ambaye hajawahi hata kukusalimia utamkuta mtandaoni akilalamika kwamba ghorofa yako itamzibia jua. Ukitaka kugusa ukuta mnaochangia, kuna sheria ya 1996 inayotaka umpe notisi ya miezi 2.

Na popo! Usicheke. Popo wanalindwa na sheria, na wakishukiwa kuwamo darini lazima aitwe mtaalamu. Kuwatazama jioni wakitoka kunafanyika miezi ya joto, Mei hadi Septemba. Nimeona kazi ya paa ikisimama tangu Oktoba ikiwasubiri hao wanyama, na mafundi tukahamishiwa kwingine.

Benki ya Dunia ilikuwa ikilinganisha nchi kwa vibali vya kujenga ghala. Katika ripoti ya 2020 Uingereza ilipewa siku 86, Tanzania 184, na Ujerumani, tunayoisifia kwa utaratibu, 126. Ripoti hizo zilisitishwa 2021 baada ya kubainika takwimu za baadhi ya nchi zilichezewa, kwa hiyo usiende kumtikisia nazo afisa.

Ninachowasifia huku ni kwamba faili halipotei. Una namba, unaingia mtandaoni unaona limefika wapi, na ukinyimwa unapewa sababu kwa maandishi ili ukate rufaa. "Njoo kesho" sijaisikia.

Ila nyumbani watu wanasubiri na wakati huohuo wanajenga. Hapa ukianza mapema, halmashauri inaweza kukuamuru ubomoe kwa pesa yako mwenyewe. Nawe ile X nyekundu ya kubomolewa unaijua.

Kwa hiyo msingi usiuguse. Hela ya nondo ipo. Nenda mapokezi uulize faili limekwama meza ya nani, wakuandikie kilichopungua, unitumie picha. Nikiuona muhuri, natuma siku hiyohiyo. Dada msalimie.