Barua kwa mwanangu: mmesahau goti la bibi

Lecco, Januari

Mwanangu,

Salamu zimefika, na ile picha ya wajukuu waliovaa masweta nimeibandika juu ya jiko. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani, maana mara ya kwanza nilidhani nimeona vibaya. Unasema mwezi wa nane mtamleta bibi, mama yangu, kutoka Malindi, muwe watu watano, mkodi gari kubwa, mzunguke maziwa ya kaskazini mwa Italia kwa siku saba: Como siku mbili, Maggiore mbili, Garda tatu. Unaniuliza ratiba hiyo inafaa, na kama kuna kitu mmesahau.

Haifai, na mmesahau goti la bibi.

Chagueni ziwa moja na nyumba moja, mkae hapo siku zote saba. Kwenye ramani maziwa haya yanaonekana kama yamepangwa kwenye rafu, unatoka hili unaingia lile. Sivyo. Yamelala kaskazini kwenda kusini, kila moja ndani ya bonde lake lililochimbwa na barafu ya zamani, na katikati ni milima. Ukitoka Como kwenda Garda huambai maji hata kidogo. Unateremka mpaka barabara kuu ya A4, unapita Bergamo, unapita Brescia, malori mbele na nyuma, na mtoto wako mdogo wa miaka minne anauliza kila dakika kama mmefika. Nimesafisha vyumba vya hoteli kwenye ziwa hili la Como miaka 19, wageni wa namna hiyo nawajua. Wanaingia jioni wamenuniana. Asubuhi wameshaondoka, naingia kubadilisha mashuka nakuta taulo za kuogea ziwani zimekunjwa vilevile nilivyoziacha.

Garda silisemi vibaya. Ndilo kubwa kuliko yote nchini, kilomita za mraba kama 370, na uwanja wa michezo wa Gardaland ungewapumbaza watoto siku nzima. Maggiore nalo ni zuri, ila kichwa chake kiko Uswisi, na kule watu wanatumia faranga. Como ni dogo kuliko hayo mawili lakini ndilo refu kwenda chini, zaidi ya mita 400, na ndilo ninalolijua kwa miguu yangu. Lina umbo la mtu aliyesimama akapanua miguu: mguu mmoja mji wa Como, mguu mwingine hapa kwangu Lecco, Bellagio pale miguu inapokutana, na kichwani Colico.

Sasa goti. Vijiji vyote mlivyoviona kwenye picha, Varenna, Bellagio, vile vyenye nyumba za rangi ya embe mbivu zilizobebana, vimebebana kwa sababu vimejengwa kwenye ukuta wa mlima. Zile njia nyembamba nzuri za kupigia picha ni ngazi. Kuna nyumba moja ya kupangisha niliyokuwa naisafisha Jumamosi, ngazi 84 kutoka barabarani hadi mlangoni. Nilizihesabu kwa sababu nilikuwa nikizipanda na furushi la mashuka ya vitanda sita. Tangazo lake lilisema dakika tatu kutoka ziwani, na ni kweli, ukiwa unateremka. Mwenye nyumba hakudanganya. Wageni ndio hawakuuliza.

Kwa hiyo mkitafuta nyumba, anzeni na gati na kituo cha treni, halafu mtazame kama katikati yake ni tambarare. Mandhari yatakuja yenyewe, huku hakuna dirisha lisilo na mlima. Mimi ningewapeleka Colico. Najua hujaisikia, mkeo hajaiona kwenye simu, na wenye majumba ya kifahari hawakujenga kule. Lakini ni bapa. Treni ya kutoka Milano Centrale inasimama pale, kutoka kituoni hadi majini ni mwendo wa kawaida wa mtu mzima, na ufukweni kuna majani na njia ndefu ya kutembea isiyo na kidaraja wala ngazi. Bibi atatoka mwenyewe asubuhi bila kushikwa mkono, na wewe unajua kushikwa mkono kunavyomkera.

Mkubwa atapata ngome. Forte Montecchio Nord ilijengwa kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza, na mizinga yake minne bado imo ndani. Ni ya milimita 149, na haikupigana vita ile hata siku moja. Karibu na hapo kuna magofu ya ngome nyingine ya Wahispania, Forte di Fuentes, ya mwaka 1603. Mdogo hatajali mizinga. Mpelekeni kwa treni mpaka Varenna, kisha hapo jirani Fiumelatte, mkaone mto wa mita 250 tu, unatoka jiweni mweupe kama maziwa na kuingia ziwani kabla hujamaliza kuushangaa. Hutiririka kuanzia machipuko hadi vuli, ukifika majira ya baridi unakauka. Siku hiyo bibi abaki. Kutoka kituo cha Varenna kwenda gatini ni mteremko, na kurudi unajua kunakuwaje.

Siku ya bibi iwe ya meli. Mpande palepale Colico asubuhi, meli ile ya polepole inayosimama kila kijiji, mshuke Menaggio. Safari ni zaidi ya saa moja na ndiyo raha yenyewe: anakaa kitini, milima inampitia. Menaggio uwanja wake wa katikati uko usawa wa maji, mikahawa imezunguka, mnampa aiskrimu yake anatazama watu. Msimpeleke Bellagio kwa sababu ya jina tu. Nikubali kasoro moja: upande huu wa juu meli ni chache, zinazopishana kila wakati ni zile za katikati, baina ya Varenna, Menaggio, Bellagio na Cadenabbia. Ukikosa ya kurudi Colico umekwama, kwa hiyo ratiba ipigeni picha ubaoni kabla ya kupanda. Na katikati ya mwezi wa nane foleni ya tiketi Varenna mchana inafika barabarani. Mkiwa gatini kabla ya saa tatu asubuhi hamtaiona.

Upepo nao mwambie bibi, ataupenda. Huku pia kuna kaskazi na kusi, ila zinabadilishana kila siku badala ya kila msimu. Asubuhi ni Tivano, unashuka kutoka kaskazini. Kuanzia adhuhuri unaingia Breva kutoka kusini, na Colico ndiko unakopiga kwa nguvu, ndiyo maana utaona vijana wa matanga wamejaa. Watoto waoge asubuhi, maji yakiwa kama kioo. Alasiri ni ya ngome na kulala. Mkiona mawingu meusi yanakusanyika juu ya milima alasiri, tokeni majini msingoje ngurumo. Mvua za kiangazi huku huja na mawe ya barafu, nimeyaona yakitoboa mwavuli wa mkahawa.

Hapa nikukalishe kidogo. Wewe umejifunza kuogelea Malindi, kwenye maji ya chumvi yanayokubeba. Maji ya ziwa hayabebi hivyo, utajiona mzito, na ukichoka unachoka haraka. Pili, bahari kwetu inakwenda mbali polepole, unatembea mpaka unachoka maji yapo kifuani. Hapa sehemu nyingi ni hatua nne za kokoto kisha shimo. Mwaka wangu wa pili nilimwona mtoto wa mgeni, umri kama wa mtoto wako mdogo, amesimama maji ya magoti anacheka na mama yake. Akarudi nyuma hatua moja kuokota mpira. Hakupiga kelele wala maji hayakuruka, alizama tu kama jiwe, na ni mzee mmoja aliyekuwa akivua samaki pembeni aliyeingia na viatu vyake akamtoa. Mdogo avae jaketi la kuelea hata akiwa anacheza ukingoni, na palipoandikwa "divieto di balneazione" hakuogelewi, hata ukiona Wajerumani wamo ndani.

Gari msikodi. Upande wa magharibi barabara ya Regina ni ya enzi za mikokoteni, basi na basi wakikutana mmoja anarudi nyuma na kijiji kizima kinasubiri. Maegesho ya mistari ya buluu unalipia, ya njano ni ya wenyeji, nyeupe ni bure na hutaipata. Vijiji vingi vina eneo la ZTL ambalo gari la mgeni haliruhusiwi, kamera inakupiga kimya, na faini inakufuata nyumbani ukiwa umeshasahau Italia. Kama mnashuka uwanja wa Bergamo, kuna basi la kwenda kituo cha treni, halafu treni mpaka Lecco, kwa kawaida kama dakika 40. Nitawangoja hapo na chai, kisha mnaendelea Colico. Zile pesa za gari mlipie teksi siku moja bibi akichoka.

Tarehe. Umeandika tarehe 10 hadi 17 Agosti. Katikati yake kuna tarehe 15, Ferragosto, sikukuu iliyoanza tangu enzi za mfalme Augusto, na siku hiyo Milano yote iko ziwani. Bei inapanda na huwezi hata kutandika taulo. Shule za kwenu Uingereza najua hazifungwi mpaka mwisho wa Julai, basi njooni wiki ya mwisho ya Agosti. Maji bado yana joto la kiangazi chote, Waitaliano wameanza kurudi kazini, na jua linazama baada ya saa mbili usiku badala ya saa tatu na robo kama Juni. Hata hivyo bibi atasema saa imeharibika, magharibi gani inaingia saa mbili.

Viza ya bibi ndiyo ya kuanza nayo, kabla ya nyumba. Ya Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, inaombwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, kwa hiyo mwezi wa tatu karatasi ziwe tayari. Ada ni euro 90, na lazima bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Aombe kwa Italia kwa kuwa ndiko anakoshukia na kukaa. Kama mna mpango wa kumchukua baadaye akae nanyi Uingereza, hiyo ni viza nyingine kabisa, msimwahidi kwa simu halafu mje kunitupia mimi. Aje wiki moja kabla yenu, alale kwangu. Mgeni wa nje akilala kwako sheria inataka utoe taarifa polisi ndani ya saa 48, hiyo niachieni. Nyinyi wenye pasipoti za Uingereza tazameni na tarehe ya kutolewa, si ya kuisha tu: iwe haijatimiza miaka 10 siku mnayoingia, na ibaki na miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka.

Nyumba ikipatikana, angalieni kama tangazo lina namba ya CIN, yaani namba ya usajili wa nyumba za wageni. Tangu 2025 kila nyumba ya kupangisha kwa siku chache lazima iwe nayo. Mwenzangu wa kazini ndugu zake walituma amana ya nyumba, wakafika wakakuta ni karakana ya pikipiki. Kisha muulizeni mwenye nyumba kwa maandishi: ngazi ngapi kutoka barabarani hadi kitandani, na lifti ipo? Mkumbuke ghorofa ya kwanza ya Waitaliano ni ya pili kwa hesabu za watu wengine, chini kabisa wanaiita "piano terra", hiyo ndiyo mnayoitaka. Kodi ya mgeni kwa kila usiku hulipwa pembeni, msishangae ukifika mkaombwa.

Chakula sina wasiwasi. Kuna samaki wao wa kukaushwa, "missoltini", bibi akiuonja atasema ni ng'onda iliyokosa jua. Na muulize "pizzoccheri", tambi za unga mweusi na kabichi na viazi na jibini, kwa kawaida hazitiwi nyama, mnaweza kula bila kuulizana.

Jumapili nina mapumziko, kwa hiyo siku ya meli iwe Jumapili nije mimi nikae na mama yangu pale Menaggio, nanyi mwende zenu juu milimani na watoto. Niandikie namba za miguu yao. Viatu vya mpira vya kuingilia majini hapa sokoni huwa rahisi mwezi wa tano, Agosti vinakwisha vidogo vyote.

Mama yako