Kuku wangapi? Kwanza niambie wa nini

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Umeuliza kwa mstari mmoja tu: una uwanja mdogo nyuma ya nyumba, uanze na kuku wangapi? Ningeweza kukujibu "wanne" nikaweka kalamu chini. Ila wanne wa nini? Anayetaka mayai, anayetaka nyama, anayetaka mbolea ya bustani na anayetaka wanawe waone kifaranga akitoboa yai ni wafugaji tofauti kabisa. Unajua ninavyosema siku zote: sababu ndiyo inayojenga banda. Kaka yako huchoka kunisikia nikilisema, lakini sijaona bado wa kunipinga.

Wengi huanza kwa ajili ya mayai, wakiamini yatakuwa rahisi kuliko ya kununua. Tupige hesabu. Kuku wa mayai aliyekomaa hula kama gramu 120 kwa siku, kwa hiyo wanne humaliza karibu kilo 175 kwa mwaka. Katika mwaka wa kwanza wa kutaga, akilishwa vizuri, kila mmoja hutoa mayai 250 hadi 300. Ukigawanya, kila yai limekula gramu 150 hadi 175 za chakula. Chukua bei ya chakula huko uliko, uzidishe mwenyewe. Kisha ongeza mbao, mabati, wavu na chanjo. Ongeza pia kilo 7 au 8 ambazo kifaranga huzila tangu atotolewe hadi wiki ya 20 hivi, kabla hujaokota yai hata moja. Ukianza na matembe waliokaribia kutaga, gharama hiyo utailipa kwa aliyewalea.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji huwa hawalisemi. Kila mwaka kuku hupukutisha manyoya, na kwa miezi 2 hivi yai hukatika. Mwaka wa pili hutaga kidogo kuliko wa kwanza, wa tatu kidogo zaidi, ilhali anaweza kuishi miaka 5 hadi 8. Kwa hiyo kuku aliyekoma kutaga utamfanya nini? Lijibu hilo kabla hujamleta nyumbani. Anayefuga kwa ajili ya mayai humchinja. Anayefuga kwa mapenzi humlisha hadi afe. Silaumu yeyote kati yao. Namlaumu asiyeamua, kwa sababu huishia na banda la vikongwe wanane na gunia la chakula lisilomrudishia chochote.

Nikiisoma hesabu hiyo najiona kama ninakukatisha tamaa, na huo si ukweli wote. Ukiokota yai mwenyewe unajua limetagwa lini na kuku alikula nini, na hilo lina thamani isiyoingia kwenye hesabu ya gramu. Na kama sababu yako ni kula vizuri, wala huhitaji jogoo: mtetea hutaga bila yeye. Jogoo huhitajika kwa vifaranga tu, mmoja kwa mitetea 8 hadi 10, na majirani watamsikia kabla ya alfajiri.

Ukitaka vifaranga, achana na kuku wa mayai wa kisasa, kwani hamu ya kuatamia imepunguzwa sana kwao. Tafuta wa kienyeji. Atakupa mayai machache, labda 40 hadi 60 kwa mwaka kama ndiye pia anayelea, lakini kazi ya kutotoa ataifanya mwenyewe kwa siku 21. Mpe mayai 10 hadi 13, kadiri mwili wake unavyoweza kuyafunika yote. Yawe yametagwa ndani ya siku 7, hayajaoshwa, yamehifadhiwa mahali pa baridi kiasi ncha ikitazama chini. Siku ya 7 usiku, shika kila yai mbele ya tochi kwenye chumba chenye giza. Lenye uhai lina doa jeusi na mishipa myekundu iliyotawanyika kulizunguka. Lisilo na kitu hupitisha mwanga wote. Yatoe hayo, maana yakioza yanaweza kupasuka na kuchafua mengine.

Sababu nyingine ni hofu, nayo ina historia ndefu. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia serikali ya Marekani iliwahimiza raia kufuga nyuma ya nyumba, ikisema kuku 2 kwa kila mtu wa nyumbani wangetosha kuipatia familia mayai. Katika Vita ya Pili, Waingereza wenye kuku waliacha mgawo wao wa mayai wakapewa chakula cha kuku badala yake. Mwaka 2020, korona ilipofunga watu majumbani, vifaranga vilikuwa vya kugombewa Marekani. Hofu si sababu ya aibu. Tatizo ni kwamba hofu huisha kabla ya kuku. Anayejenga kwa hofu hujenga haraka, na banda la haraka ndilo nguchiro hulifungua kwanza.

Ukisikia "haraka" najua unamkumbuka shangazi yako, nami namkumbuka. Kuku wake 14, wote wa kienyeji, na yule mtetea mwekundu aliyekuwa akimfuata hadi jikoni. Jioni moja akaletewa mitetea mitatu kwa bei ya kutupa, akaiingiza bandani usiku uleule ili isipigwe na wenyeji. Baada ya siku kama sita mmoja akalegeza mabawa, kinyesi kikawa cha kijani, shingo zikaanza kupinda. Kideri. Haikufika wiki ya pili akabaki na wawili. Kilichoniuma, na hadi leo kinaniuma, ni kwamba huko mitetea ilikotoka kuku walikuwa wameshaanza kufa, ndiyo maana ikauzwa jioni na kwa bei ile.

Ingawa labda muuzaji hakujua. Virusi vya kideri hukaa mwilini siku 2 hadi 15 kabla ya dalili, mara nyingi siku 5 au 6, na kuku anaweza kuonekana mzima kabisa. Hapana, alijua. Lakini hata kama hakujua, mambo yangekuwa yaleyale, na ndiyo maana kinga haiwezi kutegemea uaminifu wa muuzaji. Kuku yeyote mgeni akae peke yake wiki 3 au 4, mbali na wenyeji, na vyombo vyake vya maji na chakula. Hudumia wenyeji kwanza, mgeni mwisho, kisha nawa na ubadilishe viatu.

Kideri hakina dawa. Kuna chanjo tu, nayo haimwokoi aliyekwisha kuambukizwa. Ile ya tone la jicho ni rahisi: tone moja kwenye jicho moja, mshike kuku hadi apepese na tone lienee, kisha mwachie. Hurudiwa kila miezi 3 au 4, au kama karatasi ya chanjo inavyoelekeza. Kinachowaponza wafugaji wadogo ni chupa: moja hutosha kuku 100 au zaidi, wewe una wanne, ikishachanganywa haikai, kwa hiyo mtu huona ni hasara akaacha. Ungana na majirani mpange siku moja. Utapunguza gharama, na kuku wa jirani aliyechanjwa ni ukuta wako pia.

Banda lenyewe sasa. Kuku 4 kwa mita moja ya mraba ndani, na uwanja wa nje mkubwa kadiri uwezavyo. Fito ya kulalia, sentimita 20 kwa kila kuku, iwe juu kuliko viota, la sivyo watalala viotani na kuvichafua. Kiota kimoja cha sentimita 30 kwa 30 kinatosha kuku wanne. Maranda makavu sakafuni, kina cha sentimita 8 hivi. Matundu ya hewa yawe juu, chini ya paa, hewa ipite juu ya vichwa vyao na si vifuani. Ukitaka kujua kama hewa inatosha, ingia asubuhi kabla hujafungua mlango, chuchumaa kichwa chako kiwe usawa wa kuku, vuta pumzi. Macho yakiwasha, hewa haitoshi na huenda maranda yamelowa, na maranda yaliyolowa ndiyo yanayoleta kuhara damu kwa vifaranga. Mara nyingi chanzo ni chombo cha maji kilichowekwa chini sana. Kiinue hadi usawa wa mgongo wa kuku.

Kwenye wavu usibane matumizi. Ule mwembamba wenye matundu ya pembe sita humzuia kuku kutoka, haumzuii mbwa wala kicheche kuingia. Tumia wa kuchomelewa wenye matundu ya milimita 13, uuzike sentimita 30 ardhini. Komeo liwe la kuzungushwa kisha kubanwa.

Mbolea ni faida kubwa, ila mbichi huunguza mimea. Ichanganye na majani makavu, ikae miezi 3 kabla ya kuitumia. Na watoto, kama sababu ni wao, wanawe mikono kwa sabuni kila watokapo bandani, maana hata kuku mzima anaweza kubeba vimelea vya kuhara.

Kwa hiyo wanne, au si wanne? Nimejizuia kukuamulia tangu mwanzo wa barua hii na si rahisi, kwa sababu nina maoni. Mtu anayesafiri kama wewe... basi, nanyamaza. Ila usilete mmoja peke yake, kuku hawezi upweke. Pima uwanja urefu na upana, utazame jua la mchana linapiga wapi, na uniandikie ni nani atakayefungua banda asubuhi siku ambazo haupo. Jina la mtu huyo ndilo ninalolisubiri.

Mama yako