Kabla hujanunua pikipiki ya umeme Mbeya, anza na LUKU yako

Nikisimamisha pikipiki pale Mafiati, hakuna anayeniuliza habari za moshi wala mazingira. Wa kwanza atauliza, "Kaka, betri ikifa inauzwaje?" Wa pili atataka kujua kama inapanda milima, na wa tatu naichajia wapi. Natumia pikipiki ya umeme kwa mizunguko yangu ya kila siku, Uyole hadi Mwanjelwa, na mara nyingine hadi Isanga. Kwa ninavyoona, watu wanaitaka sana. Wanachoogopa ni kuachiwa hasara peke yao mambo yakigeuka.

Milima kwanza, maana hapo ndipo wauzaji wanapotuchanganya. Mji wetu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo injini ya petroli hupungukiwa nguvu kiasi. Mota ya umeme haivuti hewa, na inatoa nguvu tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, huhangaiki na gia. Nikipanda Isanga na mtu nyuma, inapanda vizuri tu. Taabu iko kwenye betri: asilimia zinashuka huku unaziangalia. Ukiambiwa inakwenda kilomita 80, jua hiyo ni barabara tambarare, mtu mmoja, mwendo wa pole. Mimi hukata theluthi nzima kabla sijapanga safari. Juni na Julai hukata zaidi, kwa sababu betri ya lithiamu ikipigwa na baridi haitoi kila ilichobeba. Ilaze stoo, isilale nje. Ila usichajie chumba unacholala.

Sasa LUKU. Betri nyingi za pikipiki hizi hubeba uniti mbili hadi tatu. Ukiwa kwenye tarifu ya kawaida, yaani kundi la kawaida la bei ya umeme, uniti moja ni kama shilingi 356 pamoja na kodi na tozo, kwa hiyo kuijaza ni kama shilingi 700 hadi 1,100. Petroli ikiwa karibu shilingi 3,000 kwa lita, kwa mwendo huohuo utamwaga lita moja na zaidi. Hesabu hiyo tamu kila muuzaji anaijua. Asichokwambia ni kwamba nyumba nyingi za kwetu ziko kwenye tarifu ya watumiaji wadogo, ile isiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Ukichaji kila usiku, pikipiki peke yake inaweza kuzimaliza zote, na TANESCO wanaweza kukuhamishia tarifu ya juu. Hapo hata taa, pasi na friji vinaanza kulipiwa bei mpya. Piga hesabu ya nyumba nzima, usipige ya pikipiki tu.

Kwa aliyepanga, jambo ni zito zaidi. Nyumba yenye wapangaji watano na LUKU moja, mnachangishana sawasawa, halafu wewe unaingia jioni na pikipiki yenye waya: kabla mwezi haujaisha utakuwa umeitishiwa kikao. Funga mita ndogo yako mwenyewe, na umwambie mwenye nyumba kabla hujanunua. Nyaya nazo zikaguliwe na fundi. Chaja ikikaa saa kadhaa kwenye ekstensheni ya bei rahisi, plagi inayeyuka.

Serikali inaingia wapi? Mwaka 2022, petroli ilipopita shilingi 3,000, ilitenga shilingi bilioni 100 kwa mwezi kushusha makali ya bei. Kwa umeme sidhani kama tunahitaji pesa za namna hiyo. Tunahitaji ahadi isiyobadilikabadilika. Norway ilianza kuondoa kodi za magari ya umeme miaka ya 1990 na ikaendelea hivyo kwa miaka mingi. Kufikia 2024, karibu magari 9 kati ya 10 mapya yaliyouzwa kule yalikuwa ya umeme. Ujerumani ilikata ruzuku yake ghafla Desemba 2023, na mwaka uliofuata mauzo yakaanguka kwa zaidi ya robo. Mnunuzi ni yuleyule, ila wa pili alibadilishiwa mambo ghafla. Jirani zetu Kenya walitangaza tarifu maalumu ya kuchajia vyombo vya umeme mwaka 2023. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na usiku mahitaji ya umeme hupungua. Sioni kwa nini bei nafuu ya usiku wa manane ishindikane hapa.

Kuna jambo wenzangu wenye pikipiki za umeme hawapendi nilitaje. Kila lita ya petroli inakatwa tozo ya Mfuko wa Barabara. Sisi tunapita barabara ileile bila kuichangia. Siku tukiwa wengi, serikali itataka chake, na ni haki yake. Basi iseme mapema itakuwa kiasi gani na itaanza lini, mtu anayechukua pikipiki kwa mkataba aiweke kwenye hesabu yake leo.

Betri ndiyo kigugumizi kikubwa, kwa sababu ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya bei. Hapo ningependa kuona sheria inayomlazimisha muuzaji kuandika dhamana: miaka mingapi, na uwezo wa betri kubeba chaji ukishuka hadi asilimia ngapi anaibadilisha. Mpaka sheria hiyo ije, dai maandishi hayo mwenyewe, uulize pia kama spea ziko Mbeya au zinasubiriwa kutoka Dar. Dhamana ya mdomo usiichukue. Halafu mwombe akuache upande nayo Kawetire, barabara ya Chunya, asubuhi ya baridi, mkiwa wawili. Angalia asilimia mnapoondoka na mnapofika juu. Akikataa, nenda duka lingine.